Maganda Kumi na Moja

Yamebaki kumi na moja.
Mwaka jana yalikuwa kumi na matatu:
moja lilipasuka shingoni,
la pili Muhenna alilikanyaga na gari akirudi nyuma,
akasema, "Samahani, Zuwena, nilidhani ni kizibo."

Bunduki baba aliirithi kwa ami yake,
ami aliipata kwa mtu wa Sinaw
aliyeshindwa kulipa deni la mbuzi.
Ubavuni pana taji, pana mwaka uliofutika nusu.
Hakuna duka, Ibra wala Nizwa, linalouza risasi yake.
Fundi Thuweni alichungulia mtutu
kama anayetazama jino la mtoto, akasema:
"Hii ina njaa ya chakula kisichopikwa tena."

Akaniita nione.
Aliyeyusha kiberiti, si cha njiti, kile cha manjano
kinachonuka yai la juzi,
akakimimina chemba polepole.
Tukangoja muda wa kahawa na tende mbili.
Akakisukuma kwa ufito
kikatoka kigumu, kina mabega, kina shingo,
sanamu ya risasi tusiyokuwa nayo.
Nikaishika ingali na joto.
Sijapata kuona kitu kisichokuwepo
kikiwa na umbo kamili namna ile.

Tangu siku hiyo kazi naijua.
Tulichukua maganda ya bunduki za marisau,
tukayakata kwa msumeno wa sonara,
tukayabana shingo kidogo kidogo.
Kila mwaka nayapasha moto hadi rangi ya bilinganya,
nayatumbukiza majini, yanapiga chafya.
Nta nanunua Jumatano, soko la wanawake,
kwa Bi Shinuna muuza udi, asiyeuliza ya nini.
Naichanganya na mafuta ya kondoo.
Na risasi naisubu kwa risasi:
lugha yetu haikujisumbua kutenganisha
madini na kifo kinachotokana nayo.

Ijumaa baada ya alasiri tunashuka wadi.
Ami alikuwa akiwinda paa.
Paa siku hizi wana sheria zao na walinzi wao,
na sisi tuna kopo la maziwa ya unga
juu ya jiwe, hatua themanini.
Nashusha wenzo, domo linafunguka,
nalisha, nafunga, nashusha pumzi.
Bega linajua kabla ya sikio.
Kisha moshi, mweupe, mzito,
hata hujui umepiga nini
mpaka upepo ukuambie.
Kopo lilikuwa limesimama palepale.
Muhenna alicheka mpaka akakaa chini.

Baruti nyeusi hula chuma usiku,
kwa hiyo wenzangu wakila mimi nasafisha.
Mama ndiye aliyenifunza, bila kuishika:
"Fanya kama sufuria ya wali ulioungua.
Maji ya moto kwanza, ugomvi baadaye."
Halafu kitambaa, halafu mafuta ya cherehani yake,
ile aliyotoka nayo Wete, na ambayo
haijashona kitu tangu macho yamsaliti.
"Ukimaliza," anasema, "vitie bwetani."
Mwanangu ananitazama. "Bweta ni nini?"
Namwonyesha kisanduku. Anakiita kwa Kiarabu,
anarudi kwenye simu yake.

Kuna mwenye hoteli Maskati anaitaka,
aitundike ukutani, juu ya mapokezi.
Muhenna anasema bei ni nzuri.
Huenda ni nzuri. Amesema pia
watamimina kitu mtutuni, isipige tena.
Sijamjibu.

Usiku nayapanga maganda mezani.
Nayagonga moja moja kwa ukucha:
zima hulia, lenye ufa hukohoa.
Kumi yamelia.
La kumi na moja nimelirudia mara tatu,
nimezima feni, nimeliweka karibu na sikio,
na bado sijaamua
nimesikia nini.